Mradi umekabidhiwa, faida kakabidhiwa nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji niongelee jambo ambalo huku Nyanda za Juu Kusini tunaliona kila siku ila hatulisemi, nalo ni kwamba tumekuwa hodari sana wa kumaliza miradi lakini hatuna kabisa desturi ya kurudi kuangalia kama ule mradi umeleta kile kilichotufanya tuuanzishe. Halmashauri, vyama vya ushirika, saccos, hospitali za misheni, hata kampuni binafsi, wote ni walewale. Ukiuliza mradi umefikia wapi utaambiwa asilimia 85, mwezi ujao 95, siku moja unafika mia, utepe unakatwa, picha inapigwa na inatoka mpaka kwenye gazeti lako, basi, habari imeishia hapo. Hiyo mia ni ya simenti na mabati. Asilimia ya faida hakuna anayeitaja, na ukiiuliza kwenye kikao watu wanakushangaa.

Mi kazi yangu ni uhasibu kwenye vyama vya ushirika, nilianzia Mbozi kwenye kahawa nikaja Rungwe kwenye parachichi, kwa hiyo naongea kitu ambacho nakikuta kwenye vitabu.

Kuna chama kimoja huku Rungwe, jina naliacha maana tatizo sio lao peke yao. Walipata hela, nusu mkopo nusu ruzuku, wakajenga kituo cha kukusanyia parachichi: shedi kubwa, chumba cha baridi, meza za kuchambulia, mizani ya dijitali, na kompyuta ya kuingiza kilo za kila mkulima. Kwenye andiko la mradi sababu imeandikwa wazi ukurasa wa kwanza kabisa, kwamba mkulima aache kuuza kwa dalali barabarani kwa bei ya kutupa, apate bei ya mnunuzi mkubwa, na chama kipate ushuru wake kiendeshe ofisi. Ujenzi ukaisha kwa wakati, hesabu zikakaguliwa, hati safi. Sasa njoo msimu wa mavuno, asubuhi, simama pale barabarani uangalie. Kina mama wanashuka na ndoo na viroba vya parachichi, wanapita mbele ya geti la kituo chao wenyewe walichokichangia, wanaenda mita chache mbele ambako dalali kapaki Canter yake, mizani yake ya kuning'iniza imefungwa kwenye mti, anapima anatoa hela mfukoni. Nilimuuliza mama mmoja pale, mama mbona unakiacha kituo na bei yao iko juu, akaniambia, "Mwanangu, bei yao nzuri kweli, ila wanalipa mpaka mnunuzi alipe, na mwenye duka la mbolea hanisubiri."

Hapo ndo penyewe. Kituo kimekamilika, mizani inafanya kazi, umeme upo, lakini faida imekwama kwenye kitu ambacho hakikuwepo kwenye bajeti, yaani hela kidogo ya kumlipa mkulima sehemu ya malipo yake siku ileile aliyoleta mzigo. Na mkutano mkuu ukifika mwenyekiti anasoma taarifa kwamba kituo kimekamilika na kinafanya kazi, wajumbe wanapiga makofi, na kweli hajadanganya hata neno moja! Hakuna anayenyanyua mkono kuuliza kilo ngapi za wanachama zilipita getini mwaka huu ukilinganisha na kabla, na mwanachama aliyeuza kituoni kapata shilingi ngapi zaidi kwa kilo kuliko aliyeuza barabarani.

Halafu kibaya zaidi, hata mtu akiuliza leo majibu hayapo. Nilipekua vitabu nikitafuta kabla ya kituo wanachama walikuwa wanauza kilo ngapi na kwa bei gani, hakuna. Hakuna aliyeandika. Andiko la mradi linasema kipato cha mkulima kitaongezeka, sawa, kitaongezeka kutoka wapi? Kama hujui ulianzia wapi huwezi kujua umesogea, na hiki ndicho kitu ninachokililia kuliko vyote kwenye barua hii, kwamba takwimu za kuanzia zichukuliwe kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, na zisichukuliwe na mshauri wa kutoka mjini akakaa siku mbili akaondoka nazo kwenye laptop yake, zichukuliwe na chama chenyewe, ziandikwe kwenye daftari linalobaki ofisini. Daftari tu. Kilo, bei, siku aliyoleta mzigo, siku aliyolipwa. Gharama yake haifiki hata bei ya ule utepe na mkasi.

Ndugu Mhariri, watu wengi wakisikia habari ya kupima miradi wanafikiria wizi. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikitoka kila mwaka mwezi wa 3 au wa 4 tunagombania kusoma nani kala nini, na ni haki yetu, lakini humohumo mara nyingi kuna sehemu inayozungumzia miradi iliyokamilika ila haitumiki, na hiyo watu wanaruka. Sijui kwa nini haituumi. Hela iliyoibiwa na hela iliyojenga jengo lisilotumika mwananchi kwake ni ileile, zote hazijamfikia, tofauti ni kwamba ya kwanza ina mtu wa kumkamata. Ofisi hiyohiyo ya CAG inafanya pia ukaguzi wa ufanisi, ule unaouliza kama hela imeleta matokeo, ila ni magazeti mangapi yameutoa ukurasa wa mbele?

Niseme na maji, maana hapa hesabu zenyewe zinatupotosha. Sera ya Maji ya 2002 inasema kituo kimoja cha kuchotea maji kijijini kihudumie watu 250, kisiwe mbali zaidi ya mita 400 kutoka kwenye makazi, na kila mtu apate lita 25 kwa siku. Ni kiwango kizuri. Lakini kwa miaka mingi hesabu ya watu wanaopata maji ilikuwa inapigwa kinyumenyume, unachukua idadi ya vituo unazidisha mara 250 unapata wananchi wanaonufaika. Hao sio watu waliohesabiwa na ndoo zao, ni watu wa kuzidisha! Koki inaweza kutoa maji saa moja asubuhi ikakata mpaka kesho, bado kwenye karatasi kuna watu 250 wamekunywa. Serikali yenyewe ilipotuma watu nchi nzima kwenye miaka ya 2011 mpaka 2013 kwenda kuandika kituo kimoja kimoja na kuangalia kama kinatoa maji, ikakuta zaidi ya theluthi moja ya vituo vya vijijini havifanyi kazi. Nalisifia sana zoezi lile, maana lilikuwa la kwenda kugusa koki kwa mkono, na nina imani hata kuanzishwa kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019 kulitokana na ukweli wa namna hiyo kuanikwa. Na bado ukienda vijijini leo utakuta mama anajua kabisa koki yake inatoa maji siku gani na saa ngapi, anakutajia bila kufikiri, sasa kwa nini anachokijua yeye kisiingie kwenye taarifa ya mradi?

Kuna hatari nyingine ambayo ni ngumu kidogo kuieleza lakini naomba wasomaji wanivumilie, ni ile ya kupima kwa bidii kubwa kitu ambacho sicho. Mfano uko hapa hapa kwenye bonde la Usangu, kule Mbarali. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi kuanzia miaka ya 1993 na 1994, mto ambao maji yake ndiyo yanashuka mpaka Mtera na Kidatu kwenye mabwawa ya umeme. Mwaka 1996 ukaja mradi mkubwa wa mkopo wa Benki ya Dunia, na sehemu yake moja ilikuwa kuboresha skimu za umwagiliaji za wakulima wadogo wa mpunga, mabanio ya zamani ya mawe, magogo na majani, yaani vile vizuizi vya mtoni vya kugeuzia maji kwenye mfereji, yakajengwa upya kwa zege na mageti ya chuma. Wazo lilikuwa kwamba mkulima akiwa na banio la kisasa atatumia maji kwa ufanisi, hatapoteza, basi yatakayobaki yataendelea na safari kwenda chini. Mabanio yakajengwa na ukiyaangalia ni mazuri. Lakini watafiti waliofuatilia wakaona kitu kingine, kwamba lile banio la magogo lilikuwa linavuja, na kule kuvuja ndiko kulikokuwa kunawapelekea maji watu wa chini, la zege halivuji, kwa hiyo kiangazi likiweza kuchota maji yote yaliyopo linayachota, na mkulima aliyekuwa na ekari chache akaongeza. Kwa kipimo cha skimu mradi umefaulu, mfereji unapitisha maji vizuri, mpunga umeongezeka, na mimi sina neno na mkulima wa Mbarali kupata mpunga, tunaula wote. Ila faida iliyokusudiwa kule chini, maji kubaki mtoni, ilitakiwa ipimwe mtoni, sio kwenye mfereji. Kipimo ukikiweka sehemu isiyo yake kinakupa majibu mazuri huku tatizo linakua.

Huwa naona mtu anayepima mradi kwa jengo ni sawa na aliyenunua ng'ombe wa maziwa akawa anawaonyesha wageni banda.

Wazee wangu hapa Mbeya watanikumbusha TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na nakubali, ni mfano mzuri maana unafundisha pande zote mbili. Kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, zilianza kujengwa 1970, reli ikafika mwisho 1975, kabla ya muda uliopangwa, na 1976 ikakabidhiwa. Lengo la kwanza lilikuwa Zambia isitegemee njia za kusini zilizokuwa mikononi mwa walowezi wa Rhodesia na Afrika Kusini, na lengo hilo lilitimia, hakuna wa kulibeza. Lakini kulikuwa na lengo la pili, mzigo, reli ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kuzifikisha, na mwaka wa 2014/15 ilibeba chini ya tani laki moja. Yaani mradi mmoja, faida moja imepatikana kikamilifu na nyingine imedondoka, ndo maana nasema ukisema tu mradi umefaulu au umefeli hujasema kitu, taja faida ipi. Sasa Septemba 2024 kule Beijing makubaliano ya kuifufua yakasainiwa, na watu wa huku tunaoishi na foleni za malori barabarani tunasubiri kwa hamu. Ombi langu kwa wahusika ni moja, watuambie mapema ni tani ngapi zitatoka barabarani kuhamia relini na mwaka gani, na waseme nani atasimama mbele yetu kutusomea hiyo namba kila mwaka.

Na barabara ya njia nne inayojengwa kutoka Nsalaga mpaka uwanja wa ndege wa Songwe, kilomita 29, nayo ni hivyo hivyo. Tunataka nini pale? Tunataka gari la wagonjwa lisikwame kwenye foleni, tunataka watu wasife kwenye mteremko wa Iwambi, tunataka daladala ya kutoka Uyole isichukue nusu siku. Hivyo vyote vinapimika, na wakati wa kuvipima ni sasa hivi kabla lami haijaisha, maana ikishaisha hakuna atakayekumbuka foleni ilikuwa ya muda gani.

Huo uwanja wenyewe wa Songwe ulianza kutumika Desemba 2012, njia ya kurukia ndefu, ndege kubwa zinatua, lakini taa za kuongozea ndege zikaja miaka mingi baadaye, na anayeijua Mbeya anajua ukungu wetu na anajua abiria wangapi wamefika juu ya mji wakarudishwa Dar. Kitu kikubwa kinasubiri kitu kidogo. Ni yaleyale ya chama cha Rungwe na hela ya kumlipa mkulima papo hapo. Nimeanza kuamini kwamba miradi mingi inayosemwa haina faida inayo, ila kuna kakitu kamoja kadogo hakajawekwa na hakuna mtu ambaye kazi yake ni kukatafuta, maana mkandarasi kashakabidhi, kipindi cha matazamio kimeisha, kamati ya ujenzi imevunjwa, mratibu wa mradi kahamia mradi mwingine. Funguo za jengo zina wa kuzipokea, zinasainiwa kabisa. Faida haina wa kuipokea.

Kwa hiyo kila faida iliyoandikwa kwenye andiko iwekewe mtu, kwa cheo chake, na asiwe injinia wala mratibu wa mradi maana hao wataondoka, awe ni yule atakayebaki na kitu baada ya sherehe. Kwenye chama ni meneja. Kwenye zahanati ni mganga mfawidhi. Kwenye skimu ni mwenyekiti wa umoja wa wamwagiliaji. Huyo ndiye aulizwe baada ya mwaka, na baada ya miaka mitatu aulizwe tena, na apewe kabajeti ka kurekebisha kanachokwama, sio anaulizwa tu mikono mitupu.

Hili tatizo sio la Waafrika, niliseme hili kwa sababu kuna watu wanapenda kujidharau. Kuna mtafiti wa Denmark anaitwa Bent Flyvbjerg amekusanya taarifa za miradi zaidi ya 16,000 kutoka nchi 136, akakuta iliyoisha ndani ya bajeti na ndani ya muda ni asilimia 8.5 tu, na ukiongeza kigezo cha faida iliyoahidiwa kupatikana inabaki nusu ya asilimia moja. Nusu! Hao ni pamoja na Wazungu na makompyuta yao. Tofauti ni kwamba wenzetu wengine wameshaweka utaratibu wa kurudi. Wajapani kupitia JICA, shirika lao la misaada ya maendeleo, wakishamaliza mradi wanarudi ndani ya miaka mitatu kuutathmini, wanaandika kama malengo yametimia na kama kitu kinadumu, na ripoti inawekwa hadharani kila mtu asome, mbaya au nzuri.

Najua nitajibiwa kwamba faida nyingine hazipimiki, mfano elimu, au afya, au heshima ya chama. Mi nakataa nusu. Ni kweli sio kila kitu kina kilo, lakini hata kisicho na kilo kina dalili, na dalili unaweza kukubaliana nazo mapema. Chama kikijenga ofisi mpya kwa sababu wanachama walikosa imani, basi hesabu wangapi wanakuja mkutano mkuu na wangapi wanaweka akiba. Mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa kina mama, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 ikarudi 2024, taarifa zinazosomwa nyingi ni za kiasi kilichotolewa na marejesho, wakati lengo halikuwa marejesho, lengo lilikuwa mtu ajitegemee, kwa hiyo nenda baada ya miaka miwili ukaangalie ile cherehani bado inashona au imeuzwa kulipa rejesho.

Jibu jingine la kweli zaidi, ambalo watu hawalisemi kwenye kikao ila wanakunong'oneza nje, ni woga. Meneja akileta namba mbaya anaonekana yeye ndo mbaya, kwa hiyo bora asipime. Hili ni kosa la sisi tunaozipokea namba. Bodi ikimtimua wa kwanza aliyesema ukweli, wa pili ataleta asilimia mia mpaka anastaafu. Ningependa kuona bodi inamuuliza meneja wake kilo zimeshuka kwa nini na tukusaidie nini, kabla ya kumuuliza nani kakutuma.

Pendekezo langu la mwisho linahusu Mwenge. Kila mwaka Mwenge wa Uhuru unapita kwenye halmashauri zote, unaweka mawe ya msingi, unazindua, unakagua, na viongozi wa mbio zile huwa wakali kweli kwenye ubora na nyaraka, tumeona wakikataa kuzindua miradi. Basi ratiba ya kila halmashauri iwe na angalau mradi mmoja ambao Mwenge uliuzindua miaka mitatu nyuma, wakimbiza Mwenge wafike pale, waulize takwimu za kuanzia, waulize za leo, na wamwite mwananchi mmoja aliyekuwa analengwa aongee bila kuandaliwa.

Na wewe Ndugu Mhariri naomba usikwepe. Kila uzinduzi unaotoa picha yake, mwandishi wako aandike pembeni faida iliyoahidiwa na namba yake, kilo, lita, dakika, shilingi, chochote, na tarehe. Miaka miwili ikipita mtume mwandishi huyohuyo na picha ileile, asiende na viongozi, asiende na gari la halmashauri, apande Noah kama sisi ashuke pale aulize. Nauli kutoka Mbeya mjini mpaka Tukuyu haiwezi kuwashinda, na akifika msimu wa parachichi naweza kumwelekeza pa kuanzia.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tukuyu, Mbeya